Rangi Inayoliwa

Kila sherehe huwa na kitu kimoja kinachoyavuta macho ya wote waliohudhuria. Katika Usukuma wa babu zetu kitu hicho kilikuwa ng'ombe wa mahari, waliosimamishwa uani na kuhesabiwa mmoja mmoja mbele ya mashahidi. Au kilikuwa uwanja wa ngoma, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, wakishindana baada ya mavuno. Siku hizi, katika kumbi za Shinyanga, Kahama, Katoro na Geita, kitu hicho aghalabu ni keki. Huwekwa mezani mahali pa mbele, taa zikaelekezwa kwake, na mshereheshaji akawaonya watoto wasiisogelee. Nataka kuandika juu ya keki hiyo, na hasa juu ya rangi inayopulizwa juu yake, ingawa najua wapo watakaouliza: keki ina nini cha kutafuta katika kitabu cha utamaduni wa taifa?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake laanzia mbali. Keki ya arusi yenye ghorofa na sukari nyeupe si yetu kwa asili. Ilipata sifa Uingereza katika karne ya 19, hasa baada ya arusi ya Malkia Victoria mwaka 1840, na weupe wake ulikuwa tangazo la mali, kwa sababu sukari iliyosafishwa sana ilikuwa ghali. Mwaka 1947 aliolewa Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, na keki yake ilikuwa na ghorofa nne na kimo cha futi 9. Jambo ambalo wanafunzi wetu hawaambiwi mara kwa mara ni kwamba katika zawadi za arusi ile kulikuwa na kitu cha Shinyanga. Mwaka huo huo mgodi wa Mwadui, ambako John Williamson alikuwa amegundua almasi mwaka 1940, ulitoa jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Williamson alimpa bibi arusi jiwe hilo; baadaye likachongwa, likabaki karati 23.6. Basi jiwe la Usukuma lilikwenda kwenye arusi ya Waingereza, na keki ya Waingereza ikaja kwenye arusi za Usukuma. Sioni ubaya wa kupeana zawadi, mradi tujue nani alitoa nini na nani alipokea nini.

Haikuja upesi. Nilipokuwa mtoto katika kijiji kimoja cha Shinyanga, miaka ya 1970, sherehe ilikuwa na wali, nyama, maziwa ya mgando na, kwa sisi watoto, mandazi. Keki tuliijua kwa picha ndani ya kitabu cha shule, na mwalimu alipotaka kutueleza ni kitu gani alisema ni mkate uliovaa nguo. Mabadiliko makubwa yalifuatana na migodi. Mgodi wa zamani wa Geita ulikuwa umefungwa mwaka 1966. Mgodi mpya ulifunguliwa mwaka 2000, ukafuatwa na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, kisha wa Buzwagi mwaka 2009. Walikuja watu wa Kilimanjaro, Mbeya, Iringa na Dar es Salaam, wenye mishahara ya mwisho wa mwezi, wakaja na desturi zao za ukumbini. Wachaga walileta ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, anayeingizwa kwa vifijo na kukatwa mbele ya watu kwa heshima ile ile inayopewa keki. Mchimbaji mdogo aliyepata bahati, na mkulima aliyeuza pamba au mpunga, nao wakasema: binti yangu ana upungufu gani hata aagwe bila keki?

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anaishi Kahama. Mumewe alikuwa fundi mgodini Buzwagi. Uzalishaji wa mgodi ule ulipokoma mwaka 2021, mshahara nao ulikoma. Nyumbani kulikuwa na watoto watatu, oveni moja, mashine ya kupigia krimu, na cherehani. Mpwa wangu aliiuza cherehani, akaongeza fedha kutoka katika kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopeshana, akanunua brashi ya hewa pamoja na kompresa yake ndogo. Jamaa walimlaumu waziwazi. Mwenye cherehani, walisema, ana uhakika wa sare za shule kila Januari. Mwenye kupuliza rangi juu ya keki ana uhakika gani? Dada yangu alinipigia simu nikamkanye. Nilikwenda Kahama siku ya Ijumaa, kazi ya ofisini ilipokwisha, nikiwa na maneno yangu ya kukanya. Lakini mtu hakanyi kazi asiyoijua, kwa hiyo nilimwomba kwanza nimtazame akiifanya.

Chombo chenyewe ni kidogo, hushikwa kama kalamu. Juu yake kuna kikombe kinachotoshea matone machache ya rangi, na chini huunganishwa na mpira mwembamba utokao kwenye kompresa. Ndani mna sindano ndefu inayoziba tundu la mbele, tundu lenye upana usiofika hata milimita moja. Kidole kikibonyeza kitufe, hewa hupita kwa kasi. Kikikivuta nyuma, sindano hurudi na kuachia rangi. Hewa ipitayo kwa kasi huwa na mgandamizo mdogo, kwa hiyo rangi hufyonzwa, hukutana na hewa, hupasuka ikawa ukungu. Mkulima wa pamba wa Shinyanga ataukumbuka ukungu huo, maana huuona kila msimu anapovaa mgongoni bomba la kupulizia dawa. Tofauti ni kwamba katika bomba la shambani maji yenyewe ndiyo husukumwa, na katika brashi hii hewa ndiyo huyavuta maji. Chombo hiki kilibuniwa Marekani katika miaka ya 1870, nacho kilitumiwa sana kurekebishia picha. Waokaji walikichukua baadaye. Mwalimu wa fizikia aliyechoka kueleza mgandamizo wa hewa ubaoni angeweza kuwapeleka wanafunzi wake kwa mwokaji.

Mpwa wangu hufanya kazi usiku. Mchana wa Kahama una joto linaloyeyusha krimu, na una vumbi. Kabla ya kuanza alifunga madirisha, akamwaga maji sakafuni ili vumbi litulie, akafunga nywele zake kwa kitambaa. "Mjomba," aliniambia, "karibu uketi, lakini usipige chafya upande huu." Keki ilikuwa imevikwa fondanti, ile sukari laini inayokandwa na kusukumwa kama chapati. Alianza na manjano hafifu, kwa umbali wa kama sentimita 15, mkono wake ukienda na kurudi bila kusimama, kwa maana mkono ukisimama rangi hujikusanya na kuchuruzika. Juu ya manjano akapuliza chungwa, kisha wekundu, kila mara akisubiri tabaka la chini likauke. Rangi nyepesi hutangulia na nzito hufuata. Aliyetanguliza nyeusi hawezi kuirudisha. Kisha alishika stensili aliyoikata mwenyewe, akapuliza juu yake, na alipoiondoa nikaona mawe makubwa ya Usukuma, yale yaliyopandana kama yaliyopangwa na mtu, na chini yake ng'ombe wenye pembe ndefu wakirudi zizini jua likitua.

Yapata saa tisa za usiku umeme ulikatika. Kompresa ilinyamaza katikati ya anga. Hakulalamika; aliwasha taa ya betri, akachukua brashi ya kawaida ya manyoya, akaendelea taratibu pale hewa ilipomwachia. Nilimwuliza kama mteja ataiona tofauti. Alisema, "Ataiona, Mjomba, lakini atadhani ni mawingu." Asubuhi, nilipoisaidia ile keki kupanda gari, nilikuwa sina tena hamu ya kumkanya mtu.

Niliporudi Shinyanga niliendelea kuwaza juu ya jambo ambalo wakosoaji wake walilirudia sana, kwamba kuchorachora juu ya vitu ni mambo ya kizungu. Je, ni kweli? Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa jamii katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1953 kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya Bayeye, chama cha wacheza nyoka wa Usukuma. Ndani ya nyumba zao walichora nyoka, watu na viumbe wa hadithi, na michoro hiyo ilikuwa mafunzo kwa waliojiunga na chama. Huko Kondoa, michoro ya miambani iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2006 kuwa urithi wa dunia ni ya kale kuliko makabila mengi tunayoyataja leo. Na ufundi wenyewe wa kupuliza rangi kuzunguka umbo nao si wa Marekani. Katika mapango ya Sulawesi, Indonesia, mtu aliweka kiganja chake ukutani, akapuliza rangi kukizunguka, na alama ya mkono huo ipo hata leo, zaidi ya miaka 39,000 baadaye. Kiganja kilikuwa stensili, na pumzi ilikuwa kompresa. Binadamu aliyajua hayo kabla hajajua kulima. Kilicho kigeni katika brashi ya hewa ni waya wa umeme tu.

Lakini rangi ya pangoni haikuliwa, na hapo ndipo penye jambo zito kuliko yote ninayotaka kuyasema.

Katika nchi ya dhahabu, wateja hupenda dhahabu. Mwaka mmoja baada ya safari yangu ile, bwana mmoja kutoka upande wa Geita alimwagiza mpwa wangu keki ya ghorofa tano kwa sherehe ya kumuaga bintiye, akataka ing'ae yote tangu juu hadi chini. Malipo yake yangetosha ada ya watoto wawili. Alileta mwenyewe unga wa kung'arisha, katika vichupa vidogo vilivyonunuliwa kwa muuza mapambo. Mpwa wangu alivigeuza akasoma. Havikuandikwa viungo. Kimoja kiliandikwa kwamba hakina sumu, lakini hakuna palipoandikwa kwamba kinaliwa. Alimweleza mteja kwamba maneno hayo mawili hayafanani: sabuni ya kipande nayo yaweza kuitwa isiyo na sumu, wala hakuna anayeila. Mteja alicheka, akasema kila mtu hupaka unga huo na hajasikia aliyekufa. Mpwa wangu alikataa. Mteja alichukua vichupa vyake na fedha zake, akaenda kwa mwingine. Siku hiyo mume wa mpwa wangu hakuzungumza naye hata jioni, na dada yangu alinipigia simu tena.

Safari hii nilikuwa na jibu. Mwaka 2018, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, watoto sita waliugua, wakatapika na kuharisha, baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopambwa kwa unga wa rangi ya dhahabu. Unga huo ulipopimwa ulionekana kuwa shaba iliyosagwa. Mwaka uliofuata, katika jimbo la Missouri, mtoto wa mwaka mmoja alikutwa na risasi katika damu yake, na chanzo kikawa unga wa rangi uliopakwa juu ya keki yake ya kwanza ya siku ya kuzaliwa. Hawa walikuwa watoto wa nchi tajiri, yenye maabara na wakaguzi. Wahenga walisema kwamba ving'aavyo vyote si dhahabu, nasi wa ukanda huu tulipaswa kuwa wa kwanza kuielewa methali hiyo, maana tumeishi na zebaki. Zebaki nayo hung'aa. Wachimbaji wadogo huitumia kukamatia chembe za dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake huingia katika mapafu ya mchomaji na ya mtoto anayecheza karibu. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Watu waliokwisha kujua kwamba kitu kizuri cha kung'aa chaweza kuharibu akili ya mtoto hawana udhuru wa kukiweka kingine kama hicho juu ya keki yake.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila rangi ni adui. Dhahabu halisi iliyofuliwa ikawa nyembamba mno inaruhusiwa katika nchi nyingi kupambia peremende na keki, na katika orodha ya Ulaya inajulikana kwa alama E175. Hupita tumboni bila kuyeyuka. Rangi nyingi za viwandani nazo zimeruhusiwa kwa kiasi maalumu: manjano ya tartrazini ni E102, wekundu wa alura ni E129, buluu ing'aayo ni E133. Hata hivyo elimu husogea mbele. Tangu mwaka 2010 Jumuiya ya Ulaya imeagiza vyakula vyenye rangi sita fulani, zikiwamo hizo mbili za kwanza, viwekwe onyo kwamba huenda zikaathiri utulivu wa watoto. Januari 2025 Marekani ilifuta idhini ya rangi nyekundu namba 3 katika chakula. Kwetu, kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019. Lakini mkaguzi hawezi kukaa katika kila jiko. Mkaguzi wa kwanza ni jicho la mwokaji linalosoma chupa: je, imeandikwa kwamba ni ya chakula? Je, viungo vyake vimetajwa? Je, tarehe yake haijapita? Na chombo kilichowahi kupuliza rangi ya gari, au kitu kingine kisicholiwa, kisiikaribie keki kamwe, hata kikioshwa mara saba.

Zipo pia rangi za bustanini. Manjano ya jikoni hutoa njano kali. Mzingefuri hutoa chungwa. Choya hutoa wekundu wa damu ya mzee. Kiazisukari chekundu kile cha saladi hutoa waridi. Mpwa wangu amezijaribu zote. Zinahitaji kuchujwa kwa kitambaa mara nyingi, kwa sababu punje moja tu huziba tundu la brashi, na nyingine hupauka zikipigwa na jua. Choya humchezea: ikikutana na limau huwa nyekundu, ikikutana na magadi hubadilika kuelekea buluu. Mwanafunzi wa kemia anayesoma asidi na besi angeyaona hayo kwa macho yake kwa gharama ya kikombe kimoja cha choya kutoka sokoni.

Mpwa wangu aliniomba beti za kutundika ukutani mwa chumba chake cha kazi, mahali ambapo mteja ataziona kabla ya kutoa vichupa mfukoni. Nilimwandikia ubeti mmoja, kwa kuwa ukuta wenyewe ni mdogo:

Macho yala kwanza rangi, ulimi hula utamu,
Wageni wajapo wengi, kila mmoja na hamu,
Mwokaji shika msingi, chakula kisiwe sumu,
Uzuri usiodhuru, ndio uzuri wa kweli.

Sasa naweza kulijibu swali la mwanzo. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa Rais, aliliambia Bunge kwamba ameunda Wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na akafundisha kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine linajidhulumu, ingawa kujifunza kwa wengine si sababu ya kuyatupa yaliyo yetu. Kwa kipimo hicho keki inaweza kuwa ya kwetu, lakini si kwa kuwa imekatwa ukumbini Geita. Inakuwa ya kwetu pale mkono wa hapa unapoweka juu yake mawe ya hapa na ng'ombe wa hapa. Na zaidi ya hapo, inakuwa ya kwetu pale inapoitii sheria ya zamani ya ukarimu wetu, kwamba mgeni akila kwako na akaondoka salama, jina lako limesalimika. Mama wa Kisukuma alikuwa akionja chakula kwanza mbele ya mgeni. Mwokaji anayekataa unga asioujua anafanya jambo lile lile kwa namna ya kisasa, na kwa gharama kubwa zaidi.

Gharama hiyo mpwa wangu aliilipa. Ada ya muhula ule ilichangwa na ndugu, nami nilikuwa mmoja wao, na dada yangu alichanga kwa kunung'unika. Kazi yake haijamtajirisha. Wapo wateja wanaokwenda kwa wengine wenye kung'arisha zaidi, na wapo akina mama wanaokuja kwake kwa sababu wamesikia kwamba yeye hukataa. Sijui wepi watakuwa wengi katika miaka ijayo. Hilo linategemea sana mambo tunayowafundisha wanafunzi juu ya kusoma chupa.

Michoro ya Bayeye ilipata wa kuinakili kabla kuta hazijaanguka. Ngoma zetu zimerekodiwa. Keki haina bahati hiyo: kazi ya usiku mzima huingia ukumbini saa mbili, na saa nne zimebaki chembe mezani, na hivyo ndivyo ipasavyo, kwa kuwa ilitengenezwa iliwe. Mimi kazi yangu ofisini ni kutunza majalada, na nimezoea kuandika kila kitu kinachopita ili kisipotee. Kwa hiyo naandika kwamba palikuwa na keki Kahama yenye jua linalotua, mawe matatu na ng'ombe wanane, na kwamba watoto waliokula jua hilo waliamka kesho yake wazima, wakaenda shule.